Kisima cha Budha'a na kisima chetu

Watoto wa madrasa yetu hapa Kasesya huanza fiqhi kwa maji. Kabla hawajajua nguzo za swala wala yanayobatilisha saumu, huwa wamekwisha kuhifadhi kwamba maji yanayofaa kujitwaharishia ni ya namna saba: ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Huyasoma kwa mahadhi huku wakiyumba, wakubwa wakitangulia na wadogo wakifuatia, na sauti zao husikika mpaka barabarani. Bahari hakuna hata mmoja wao aliyepata kuiona. Theluji ndiyo kabisa. Mvua ya mawe wanaijua kuliko watoto wa Pwani, maana huku Ufipa ikianguka hupukutisha maua ya maharage kwa muda mfupi wa kuchemsha chai. Na kisima wanakijua vyema, kwa kuwa kipo nyuma ya msikiti, hatua chache kutoka jamvi walilokalia.

Kwa miaka mingi tulisomesha mlango huo wa maji bila kuwaambia hata siku moja wageuze shingo wakitazame.

Sisi ni mume na mke. Mmoja wetu anafundisha sayansi katika shule ya msingi; mwingine anasomesha madrasa baada ya swala ya Alasiri na Jumamosi asubuhi. Nyumbani tulikuwa na ada ya kutoingiliana: ubao wa shule na ubao wa madrasa havikukutana ila pale chaki za mmoja zilipokwisha. Kilichotukutanisha ni ugonjwa. Masika iliyopita kitinda mimba wetu alilala siku tisa kwa homa ya matumbo, na katika siku hizo hizo jamvi la madrasa likaingia mapengo. Kila mtoto tuliyemwulizia, tuliambiwa tumbo. Alhamdulillahi, hatukumzika yeyote. Lakini usiku ule wa nne, wakati mtoto alipokuwa hatambui sauti zetu, tuliulizana swali ambalo tulipaswa kuulizana zamani: maji anayokunywa mtoto huyu anayatoa wapi?

Wakazi wa mpakani hatuna udhuru wa kulidharau tumbo. Kasesya inatazamana na Zambia; ukivuka kizuizi unashika njia ya Mbala. Mpaka wetu ni mdogo ukilinganisha na ule wa Tunduma, lakini watu wanaoana pande zote mbili, na anayekwenda msibani hangoji habari za redio. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 jirani zetu walipatwa na kipindupindu kikali: watu zaidi ya 700 walifariki, na mwezi Januari serikali yao ililazimika kuchelewesha kufungua shule. Miezi ile milango mingi ya maduka hapa ilikuwa na ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Hofu ilipoondoka, ndoo zilirudi jikoni. Tulikuwa tumewafundisha watoto kuyaogopa maradhi yanapotangazwa; hatukuwafundisha yanakotoka.

Basi tukakubaliana Jumamosi ziwe za maji.

Ya kwanza tuliweka mezani bilauri tatu. Moja ilikuwa na maji ya mtoni yenye tope, mbili zilikuwa na maji meupe. Tukauliza: yepi mngekunywa? Wote wakayakataa ya tope, na mvulana mmoja mwenye haraka akajitolea kuonja bilauri mojawapo ya zile nyeupe. Tulikuwa tumekoroga humo vijiko vitatu vya chumvi. Uso wake uliwachekesha wenziwe mpaka ubao ukabishwa kwa rula. Kisha tukayapitisha maji yale ya chumvi katika chupa iliyokatwa kitako, tuliyoijaza kokoto, mkaa uliopondwa na mchanga tuliokuwa tumeuchemsha. Yakaonjwa tena: chumvi ile ile. Ndipo tukapitisha ya tope, nayo yakatoka meupe, yakapendeza kuliko hata ya bombani. Hayo hatukuruhusu yaonjwe, na tukawaachia wao waseme kwa nini.

Walizungumza muda mrefu. Mmoja alisema bibi yake huyajua maji mabaya kwa kunusa. Mwingine akasema kwao huyaacha yatuame usiku kucha, na asubuhi huchota ya juu. Kuwasikiliza bila kuwakatiza ni jambo gumu, tukiri, kwa mwalimu wa madrasa aliyezoea kusoma na kuitikiwa. Mmoja wetu alilazimika kuufumba mdomo wake kwa mkono. Mwishowe binti mdogo kuliko wote, wa miaka minane, akasema kwamba kama chumvi imeweza kujificha humo, na kingine kinaweza.

Jumamosi ya pili tulitandika karatasi kubwa ya nailoni juu ya mawe na magogo, ikawa na vilima na mabonde. Watoto wakaweka majivu yawe mbolea ya dukani, buluu ya kufulia iwe dawa ya magugu, na makapi ya chai yawe kinyesi, pakawa na kicheko tena. Wakanyunyiza maji kwa kopo lililotobolewa matundu. Hakuna aliyeyasukuma majivu wala kuyagusa makapi, lakini vyote viliteremka, vikakutana, vikatuama katika bonde lile lile moja, tena bonde ambalo watoto wenyewe walikuwa wameliwekea kijiti kuwa ndipo kijiji kinapochota.

Kutoka hapo ilikuwa rahisi kuwaonesha nchi yao. Uwanda wa Ufipa ni kama paa la nyumba. Mvua ya upande mmoja hushukia Ziwa Rukwa, ya upande wa pili hushukia Ziwa Tanganyika. Rukwa halina mto unaotoka. Linachoingiziwa hubaki humo, jua likinywa maji na kuacha mengine. Tanganyika, lenye kina cha zaidi ya mita 1,400, lina mto mmoja tu unaotoka, Lukuga, upande wa Kongo. Mto Kalambo, ambao wilaya yetu imepewa jina lake, huporomoka kwa zaidi ya mita 200 kabla ya kuingia ziwani, na hapo ni mpaka wetu na Zambia. Nchi nne zinalichangia ziwa hilo, nasi ni mojawapo. Mwaka 2003 zilitia saini mkataba wa kulihifadhi, jijini Dar es Salaam. Watoto walishangaa kwamba tone la huku juu linaweza kuwa jambo la kuzungumzwa na nchi nne.

Mvulana ambaye mjomba wake yuko Kitwe akaleta habari ya Februari 2025, pale bwawa la taka za mgodi wa shaba lilipopasuka huko Chambishi, maji yenye asidi yakaingia vijito vya Mto Kafue, samaki wakafa, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya bomba. Darasa likawaka. Kila mtoto alitaka kusema lake juu ya wenye migodi. Tuliona walivyolifurahia jambo hilo, kwa kuwa lilikuwa na mkosaji, tena mkosaji wa mbali mwenye mali. Tungeweza kuishia hapo, na watoto wangerudi nyumbani wakiamini kwamba wanaochafua maji ni watu wengine.

Jumamosi ya tatu tulifunga mafundo kwenye kamba, fundo kila mita, tukashuka nao mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, basi tulitaka wazione hizo 60 kwa macho. Mahindi yalianzia fundo la saba. Karibu na maji tulikuta chupa tupu za dawa ya magugu, na jiwe ambalo watu husimama juu yake wakisuuza mabomba ya kupulizia. Tuliwaeleza kwamba wazee wa Kifipa walilima kwa ntumba, vichuguu vya udongo vinavyofunika majani yakaoza ndani na kuirutubisha ardhi, na kwamba mbolea ile haikuja na mfuko wala chupa. Hatukusema ili kuwachukiza na kilimo cha leo. Sisi wenyewe tunaweka mbolea ya dukani, tusingepata gunia mbili bila hiyo.

Hapo mtoto mmoja akaokota chupa, akaitazama, akasema, "Hii ni ya baba. Kifuniko tulikifunga kwa uzi mwekundu." Wenzake walikuwa wameshika kalamu tayari kuandika. Tukawaambia wafunge madaftari. Tuliwakumbusha kwamba Suratul Hujurat inatukataza kupelelezana, na kwamba mtoto wa Kiislamu hatumwi kukusanya makosa ya mzazi wake. Tulirudi kimya. Njiani tulijadiliana sisi kwa sisi kama somo zima halikuwa kosa, maana mzazi atakayesikia kwamba mwanawe amefundishwa madrasa kumwaibisha, Jumamosi ijayo hatamleta, naye atakuwa na haki.

Jumamosi ya nne tuliona salama kurudi kitabuni.

Katika Bulughul Maram ya Ibn Hajar, hadithi ya pili inahusu kisima cha Budha'a mjini Madina. Mtume (s.a.w.) aliulizwa kama inafaa kutawadha kwa maji ya kisima hicho, ambacho ndani yake huingia vitambaa vya hedhi, nyama za mbwa na vitu vinukavyo. Akajibu kwamba maji ni twahara. Tumeisomesha hadithi hiyo kwa miaka, na kila mara tuliharakia hukumu: maji mengi hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu, na mengi ni yale yanayofikia qullatain, kwa makadirio yaliyozoeleka ni pipa la lita 200 na zaidi kidogo. Watoto wanaijua hukumu hiyo kama majina yao. Lakini safari hii, kwa kuwa walikuwa wametoka mtoni, mmoja aliuliza jambo ambalo halijapata kuulizwa mbele yetu: "Kwani watu wa Madina, Maswahaba wa Mtume, walikuwa wakitupa mizoga kisimani kwao?"

Tuliomba muda. Jioni ile tulitafuta katika sherehe, na Allah akatujaalia kulipata jibu kwa Imamu al-Khattabi, aliyefariki mwaka 388 Hijria na aliyeisherehesha Sunan ya Abu Dawud. Yeye anasema haifai kuwadhania Maswahaba jambo hilo, kwani hata wasio Waislamu huyalinda maji yao, sembuse watu walio bora wa umma huu, katika nchi ambayo maji ni adimu. Kilichokuwapo, anasema, ni kwamba kisima kilikuwa mahali pa bondeni, na mafuriko yalikuwa yakizoa uchafu wa njiani na viwanjani na kuutumbukiza humo. Hakuna aliyeutupa. Ulishuka.

Tulitazamana. Hii ilikuwa karatasi yetu ya nailoni, iliyoandikwa miaka elfu moja kabla yetu.

Na Imamu Abu Dawud mwenyewe, aliyeipokea hadithi hiyo katika Sunan yake, hakutosheka kuisimulia. Alikwenda kwenye kisima. Alitandaza shuka yake juu ya mdomo wa kisima, kisha akaipima kwa dhiraa, akapata dhiraa sita. Akamwuliza mlinzi wa bustani kama kisima kimebadilishwa tangu zamani, akaambiwa hakijabadilishwa. Akaona maji yake yamegeuka rangi, akaliandika hilo pia. Huyu ni mmoja wa maimamu wakubwa wa hadithi, naye aliinama kisimani kwa shuka yake kama fundi.

Tulipowasimulia watoto Jumamosi iliyofuata, kabla hatujamaliza, yule binti wa miaka minane alikwisha inuka na kamba ya mafundo. "Basi na sisi tukapime chetu."

Kisima chetu kilichimbwa na mzee mmoja mfanyabiashara, marehemu sasa, awe ni sadaqa yenye kuendelea kwa ajili ya mama yake. Waislamu wa huku ni wachache, na kisima hicho ni katika mali chache za wakfu tulizo nazo. Hakuna aliyeswali katika msikiti huu asiyetawadha kwa maji yake. Watoto hunywa humo kabla ya darasa na baada ya darasa; kata imefungwa kwa mnyororo ukingoni. Alipokichimba, pembeni palikuwa na kichaka tu. Miaka mingi baadaye jumuiya ilipata kipande cha ardhi upande wa juu, na hapo pakachimbwa choo cha maamuma, kwa nia njema kabisa, ili wazee wasitembee mbali wakati wa baridi.

Watoto walikitandaza kipimo kutoka ukingo wa kisima mpaka ukuta wa choo. Fundo la 13. Maafisa afya hutwambia siku zote isipungue mita 30, na choo kiwe upande wa chini. Mvulana wa bilauri ya chumvi akaenda akamimina ndoo ya maji mbele ya mlango wa choo. Wote tukasimama kuyatazama yakitafuta njia. Yalipita kwenye jamvi la nje, yakapinda kwenye mwembe mdogo, yakaja kutua kwenye ukingo wa saruji wa kisima, pale kwenye ufa.

Mtoto mmoja akauliza, kwa adabu, choo hiki aliyekiweka hapa ni nani.

Kiliwekwa na kamati ya msikiti. Muhtasari wa kikao kilichopitisha jambo hilo upo katika kabati, na umeandikwa kwa mwandiko wa mmoja wetu, ambaye ndiye katibu. Ndiye pia aliyependekeza upande wa juu, kwa hoja kwamba upande wa chini ardhi ni ngumu na fundi angetoza zaidi. Tuliwajibu watoto hivyo hivyo, bila kuficha. Baba wa yule wa uzi mwekundu hatukumsema mbele ya watu. Lakini sisi ni walimu, na kosa letu lilikuwa limesimama mbele yao kwa matofali na bati. Usiku mke alimwuliza mume kama anakumbuka ni nani aliyempigia kelele mtoto kwa kunywa maji ya mtoni wakati alipokuwa akiugua. Mume alikumbuka.

Kamati ilikaa baada ya Isha. Hoja ya kwanza ilikuwa ya fiqhi, na ilikuwa na uzito. Mzee mmoja alisema: maji haya ni zaidi ya qullatain mara nyingi, hayakubadilika rangi wala ladha wala harufu, basi kwa madhehebu yetu ni twahara, je, mnataka kutwambia kwamba swala zetu za miaka yote hii zimeharibika? Tuliona hofu machoni pa watu, na ilikuwa hofu ya kweli. Imamu ndiye aliyeitua. Alisema udhu wa watu ni sahihi na swala zao ni sahihi, na asirudie mtu hata rakaa moja. Ila kunywa ni swali jingine. Hata udongo ni twahara, akasema, na mtu hutayamamu kwa vumbi lake, lakini hatuwalishi watoto udongo. Sheria iliyotufundisha twahara ndiyo hiyo hiyo iliyotukataza kujidhuru na kudhuriana. Katika miaka yetu yote ya kusomesha mlango wa maji hatukuwahi kuyatenga maswali hayo mawili mbele ya watoto, na ndiyo maana walikuwa wakiinama kwenye kata wakiwa na yakini.

Hoja ya pili ilikuwa fedha, na hiyo haikuhitaji maelezo. Ya tatu hakuna aliyeitamka sawasawa: kwamba kusema kisima kina uchafu ni kuigusa sadaqa ya marehemu, na mjane wake bado yu hai, tena jirani.

Tulimwomba afisa afya achukue sampuli. Majibu yalirudi baada ya wiki mbili, na yalisema kuna bakteria wa kinyesi. Ubishi wa watu wa elimu ukaisha. Tukajua kwamba sasa lazima twende kwa Bibi, tena kabla habari haijamfikia kwa njia ya gulioni.

Tulimkuta akichambua ulezi. Tulimwamkia, akatuitikia, akatukaribisha kwenye mkeka. Mume alieleza kwa mzunguko, kama inavyostahili kwa mtu mzima, akaanza na Madina, akapita kwa al-Khattabi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho bila kuondoa mkono ungoni. Kisha akauliza watoto waliougua masika ile walikuwa wangapi. Tukamtajia tuliowajua. Akanyamaza, akaendelea na ulezi, tukadhani amekasirika.

"Na thawabu za mzee wangu?" akasema. "Zimekatika?"

Hatukuwa tumejiandaa kwa swali hilo. Tulimwambia tunachoamini, kwamba Allah humlipa mja kwa nia yake, na kwamba maji yalikuwa mazuri siku marehemu alipoyatoa, na kilichokuja baadaye hakikutoka mkononi mwake. Kilitoka mikononi mwetu. Bibi akatikisa kichwa polepole.

"Mzee alichimba kisima, wanangu. Choo hakuchimba yeye. Basi kisima msikifukie. Hamisheni chenu."

Ndivyo kamati ilivyoamua, ingawa si kwa haraka ile aliyoitumia Bibi. Kata imeondolewa kwenye mnyororo. Watoto wameandika kwa rangi juu ya kibao: ya udhu, si ya kunywa, na wakachora mtoto anayeshika tumbo, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Maji ya kunywa huja kutoka nyumbani, kila mtoto na chupa yake. Akina mama tumewaomba wayachemshe, na kwa kuwa huku juu milimani maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, wayaache yatokote dakika kadhaa badala ya kuyaepua mara tu yanapotoa povu. Tuliwakumbusha pia mafunzo mawili ambayo watoto wao wanayajua kwa moyo: Mtume (s.a.w.) aliamrisha vyombo vifunikwe usiku, na akamkataza aliyeamka usingizini kuutia mkono chomboni kabla ya kuuosha mara tatu. Mama mmoja alitwambia kwamba mwanawe amemnyang'anya kikombe cha kuchotea, akakitundika juu ya mlango, na sasa hakuna anayekunywa bila kumwomba yeye. Tulimwambia avumilie.

Kuni ni ghali, kwa hiyo tuliwafundisha na njia ya jua: chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, ijazwe maji yasiyo na tope, ilazwe juu ya bati saa sita za jua kali, au siku mbili kukiwa na mawingu. Hapo tukapingwa, na aliyepinga alikuwa kijana wa darasa la juu, anayesoma Matn ya Abu Shuja'. Alinyanyua mkono na kutukumbusha kwamba maji yaliyopashwa moto na jua yametajwa humo kuwa ni makuruhu. Tulicheka kwa furaha, kwa sababu huu ndio mjadala tuliokuwa tukiuota. Tukafungua sherehe pamoja naye. Wanachuoni wameweka masharti: iwe ni nchi ya joto kali, na chombo kiwe cha madini yanayofuliwa kwa nyundo, na Imamu Nawawi ameona hakuna karaha kabisa. Kijana akatazama chupa ya plastiki, akatazama ukungu wa Ufipa uliokuwa bado haujapanda saa nne asubuhi, akakubali.

Baba wa uzi mwekundu alikuja mwenyewe madrasa siku moja, bila kuitwa. Mwanawe alikuwa amemsimulia habari za choo cha msikiti na za mwandiko wa katibu. Za chupa hakumsimulia. Aliketi nyuma, akasikiliza, na wakati wa kuondoka akauliza kwa sauti ya chini mahali pazuri pa kuzifukia chupa zile. Tulimshauri amwulize bwana shamba, maana sisi hatukutaka kukosea mara ya pili kwa kujifanya tunajua.

Shimo jipya lipo upande wa chini, fundo la 41. Ardhi ni ngumu kweli, kama katibu alivyosema miaka ile, na fundi ametoza zaidi. Fedha za zege hazijatimia. Choo cha zamani kimefungwa kwa mbao, na wazee wanatembea mbali wakati wa baridi, wengine wakinung'unika, nasi tunawaitikia kwa unyenyekevu kwa kuwa tunajua tunayostahili. Hesabu yetu ni kumaliza kabla ya mvua za Novemba.

Kila Ijumaa, baada ya swala, Bibi humtuma mjukuu wake kuuliza shimo limefika fundo la ngapi kwenda chini. Mtoto huja mbio, husimama kwenye ukingo, huiteremsha kamba mwenyewe bila kumwamini mtu, huhesabu kwa sauti, kisha hurudi mbio. Ijumaa iliyopita ilikuwa la tatu.